Kasulu na Kibondo: Wageni wa jana, wenyeji wa leo

Ukitaja Kasulu au Kibondo mbele ya watu wa pwani, mara nyingi utajibiwa moja ya mambo mawili. Mmoja atakwambia kuwa huko ndiko kwenye makambi ya wakimbizi. Mwingine, hasa akiwa mtu mzima wa Tanga au Morogoro, atakwambia kuwa huko ndiko walikotoka manamba, wale Waha waliokuja kukata mkonge. Wote wawili wamesema kweli, lakini ni nadra kumkuta mtu aliyeyaunganisha mambo hayo na kutambua kuwa ni habari za watu wale wale. Waha wa nyanda za juu za Kigoma walianza kuwa wageni na vibarua katika nchi za watu, kisha wajukuu wao wakawa wenyeji wa wageni na waajiri wa vibarua. Tumeona tulizungumze jambo hili leo kwa kuwa ndani yake limo suala la ujira na la ujirani, masuala ambayo hayakosi katika nyumba yoyote.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Watu husema Kigoma ni mwisho wa reli, na husema hivyo kana kwamba baada ya stesheni ile hakuna tena nchi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, ikakomea ziwani, lakini Kasulu iko mwendo wa karibu kilomita 100 kutoka hapo na Kibondo ni zaidi ya kilomita 200. Anayetoka ziwani, mahali palipo mita 773 juu ya usawa wa bahari, hupanda vilima hadi kufika nchi ya baridi, yenye migomba mabondeni, ng'ombe wa pembe ndefu na udongo mwekundu unaoshika viatu wakati wa masika. Mvua hunyesha tangu Oktoba hadi Mei. Upande wa magharibi ni Burundi. Upande wa mashariki nchi hushuka kuelekea misitu ya miyombo na mabwawa ya mito Moyowosi na Malagarasi, eneo ambalo mwaka 2000 lilikuwa la kwanza nchini kuandikishwa katika mkataba wa kimataifa wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu.

Nchi hiyo wenyewe huiita Buha. Kabla ya ukoloni haikuwa na mfalme mmoja, bali ilikuwa na tawala kadhaa, kila moja na mwami wake: Heru, Muhambwe, Buyungu na nyinginezo. Serikali iliufuta utemi mwaka 1963, lakini majina hayakufutika. Mbunge wa Kibondo huitwa mbunge wa Muhambwe hadi leo, na wa Kakonko kwa miaka mingi aliitwa mbunge wa Buyungu, hadi jina la jimbo lilipobadilishwa mwaka 2025. Heru nayo ina habari ambayo ingefaa mabinti zetu waijue, kwamba katika miaka ya mwisho ya ukoloni kiti cha mwami wake kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, wakati ambapo katika Tanganyika nzima wanawake wenye cheo cha namna hiyo walikuwa wa kuhesabika.

Uislamu uliingia mkoani Kigoma kupitia Ujiji, mji wa misafara ya biashara ya karne ya 19. Hata hivyo, kwa muda mrefu ulikaa ziwani. Huku milimani watu walibaki na desturi zao, na baadaye wamisionari wakajenga makanisa na shule, ndiyo maana Waislamu wa Kasulu na Kibondo hadi leo ni wachache kuliko wenzao wa Ujiji. Miongoni mwa njia zilizoupandisha Uislamu milimani, mojawapo haikuanzia Ujiji hata kidogo. Ilianzia kwenye mashamba ya mkonge.

Safari ya manamba

Kodi ya kichwa ndiyo iliyomtoa Mha nyumbani. Serikali ya kikoloni ilidai fedha taslimu, na nchi ya milimani, iliyo mbali na reli na isiyo na zao la kuuza nje, haikuwa na mahali pa kuzipatia. Kahawa ilikuwa bado haijashamiri. Chumvi ya Uvinza, iliyokuwa ikichemshwa tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita na kubadilishwa kwa majembe na vyakula, haikutosha kulipia wanaume wa nchi nzima. Kilichobaki ni nguvu za mikono.

Wenye mashamba ya mkonge walilijua hilo. Mwaka 1944 waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, ambayo watu waliiita SILABU, na Kasulu na Kibondo zikawa miongoni mwa sehemu walizozitegemea sana. Kijana aliandikishwa, akapewa namba, akasafirishwa kwa lori na gari moshi hadi Morogoro au Tanga, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwa mama yake. Kutokana na namba hiyo ndipo lilipotoka jina la manamba. Jina lake alilopewa na baba yake halikuwa na kazi kubwa tena shambani.

Kazi ilihesabiwa kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye siku 30 za kazi, ambazo kibarua alipaswa kuzimaliza ndani ya siku 42, na ujira ulitolewa kadi ilipojaa. Aliyeugua, au aliyeshindwa kumaliza idadi ya matita ya majani aliyopangiwa kwa siku, siku yake haikuandikwa. Tunawaomba wasomaji wetu vijana wasipite haraka hapa. Mtu huyo alidondosha jasho Jumatatu na Jumanne, lakini ujira wake ulisubiri hadi kadi ijae, na kama siku haikuandikwa, basi jasho lake lilikuwa limekwenda bure. Utajiri wa nchi ulijengwa juu ya kadi hizo. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, kiasi ambacho hakijafikiwa tena. Baada ya hapo bei ilianguka kwa ushindani wa nyuzi za viwandani, na uandikishaji wa manamba ukakoma.

Wapo waliozeeka huko huko na kuzikwa huko, na watoto wao leo ni watu wa Muheza, Korogwe na Kilosa wasiojua Kiha zaidi ya maneno mawili matatu. Waliorudi walirudi na Kiswahili, na baadhi yao walirudi na jina jipya, kanzu na kofia. Walikuwa wamekaa kambini pamoja na watu wa makabila mengine, wamesali nyuma ya maimamu wa vijijini, na siku ya msiba wamezikwa na majirani Waislamu. Maskani ya vibarua ni mahali ambapo mtu asiye na ukoo huhitaji ndugu upesi, na wengi waliupata undugu huo msikitini. Hatusemi kuwa wote walirudi Waislamu. Lakini si ajabu milimani kukuta familia ya Kiislamu ambayo ukiuliza asili ya dini yake, hadithi inakwenda kwa babu aliyekuwa Tanga.

Watu wanaohamishwa

Wakati vijana wakipelekwa Tanga, waliobaki nyumbani nao hawakuachwa mahali pao. Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa malale ulisambaa misituni, na serikali ya Waingereza ikawakusanya wananchi wa Kasulu na Kibondo katika makazi ya pamoja ili kuwatenga na mbung'o. Miaka 40 baadaye, mnamo 1972, ikaja Operesheni Kigoma, na Waha waliozoea kuishi kila mtu mlimani kwake katikati ya migomba yake wakahamishiwa vijiji vya Ujamaa. Mwaka huo huo halmashauri za wilaya zilivunjwa nchini kote, zikarudishwa baada ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982. Kwa hiyo kijiji unachokiona leo kando ya barabara, kilichonyooka kama kamba, ni cha juzi tu. Mashamba ya mababu yako mbali, na akina mama huyafuata kwa miguu.

Mashamba hayo ndiyo uchumi wenyewe. Maharage hupandwa mara mbili kwa mwaka, na ya Kigoma yanasifika sokoni hadi Dar es Salaam. Yako mahindi, muhogo unaosumbuliwa na batobato na michirizi ya kahawia, ndizi, viazi, na asali ya misitu ya Kibondo. Milima ya Manyovu hutoa kahawa ya arabika yenye sifa. Futari ya huko hutokana na hayo hayo: uji, viazi, ndizi na maharage, wala hakuna anayeona kuwa imepungua kwa kukosa tambi.

Mwaka 2012 wilaya hizi ziligawanywa; Kasulu ikazaa Buhigwe, ambako sasa iko Manyovu, na Kibondo ikazaa Kakonko. Ofisi ziliongezeka, lakini kapu la mapato lilibaki lile lile, yaani ushuru wa mazao na ushuru wa masoko. Kodi ya maendeleo ya kila kichwa, mjukuu wa ile kodi iliyowapeleka watu Tanga, ilifutwa mwaka 2003. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mkulima anayesafirisha mzigo usiofika tani moja kwenda halmashauri nyingine akaondolewa kabisa. Ilikuwa nafuu kubwa, maana zamani mtu mwenye magunia mawili aliweza kusimamishwa vizuizini mara tatu.

Hapa tutoke kidogo nje ya njia. Mkulima Mwislamu akifurahia kupunguziwa ushuru asisahau kuwa ya Mola wake haikupunguzwa. Kwa mazao ya mvua kama mahindi, zaka ni sehemu moja ya kumi pale mavuno yanapofika wasaq 5, ambazo wanazuoni wengi wa sasa huzikadiria kuwa kiasi cha kilo 653, yaani magunia sita na nusu ya kilo 100. Kwa mvua ya Kasulu, wengi hufika hapo bila kujua. Na wanaostahiki zaka, wakiwemo fukara, mdeni na msafiri aliyekwama njiani, hawakuwahi kukosekana katika wilaya hizi, kama tunavyoendelea kueleza.

Wageni wanaingia

Burundi iko jirani mno na Kiha na Kirundi vinasikilizana, hivyo kila moto uliowaka huko moshi wake ulifika Kasulu na Kibondo. Waliingia watu mwaka 1972. Waliingia kwa wingi zaidi baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993. Novemba 1996, vita ya Kongo ilipoanza, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu kwa ajili ya watu wa Kivu ya Kusini. Zikawepo Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, na Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Karago upande wa Kibondo. Hali ilipotulia Burundi zilifungwa moja baada ya nyingine, ya Mtabila ikiwa mwishoni mwa 2012. Kisha Aprili 2015 mgogoro wa urais ukazuka Bujumbura. Maelfu walijazana katika kijiji cha Kagunga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikawaingia, na meli kongwe ya MV Liemba ikawa inawasomba kwenda Kigoma mjini. Nyarugusu ilipita watu 150,000. Nduta ikafunguliwa upya Oktoba 2015, na Mtendeli Januari 2016.

Miongoni mwa wageni hao walikuwemo Waislamu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, na wa Uvira ng'ambo ya ziwa. Walisali kambini, wakafunga Ramadhani kwa mgao wa unga na kunde. Kila tunaposoma habari za Muhajirina na Ansari wa Madina, wale waliogawana nyumba na mitende, tujiulize kama hatuioni picha hiyo kwa sababu tu imevaa mitumba na kusimama foleni.

Lakini tusiwapambe wenyeji kuliko walivyo. Ujio wa makambi uliwapa faida, ukawapa na hasara, na havikugawanyika sawa. Barabara zilichongwa, visima vikachimbwa, na hospitali za makambi zikatibu pia watu wa vijijini. Ndizi na maharage yalipata wanunuzi mlangoni, nayo mafuta na unga wa msaada vikashuka bei magulioni. Kwa upande mwingine misitu ilikatwa kwa kuni, na mama aliyekuwa akipata mzigo wake nyuma ya nyumba ikambidi atembee nusu siku. Wizi wa silaha uliwatia watu hofu, na wageni wasio na hatia wakabebeshwa lawama ya wachache.

Jambo lililo zito zaidi ni kibarua. Sheria ya wakimbizi ya 1998 na kanuni zake zilimzuia mkimbizi kutoka zaidi ya kilomita 4 kambini bila kibali. Mgao wake haukutosha, na shamba la mwenyeji lilikuwa karibu. Akatoka kwa siri alfajiri, akalima. Mwenye shamba kubwa alipanua kilimo chake kwa mikono hiyo ya bei rahisi, wakati maskini wa kijijini, ambaye naye aliishi kwa vibarua, alikuta ujira umeshushwa na wageni wenye njaa kumzidi. Watafiti waliochunguza maeneo haya katika miaka ya 1990 waliliona hilo wazi, kwamba mwenye ardhi na mtaji alinufaika, na asiye na kitu akazidi kubanwa.

Kibarua huyo asiye na kibali hana pa kushtaki. Mwajiri akisema njoo kesho, atakuja kesho. Akiambiwa shamba halikulimwa vizuri, atachukua nusu. Akitishiwa kuitiwa mgambo, ataondoka mikono mitupu. Tumeona juu jinsi siku ya manamba ilivyoweza kutoandikwa kwenye kipande. Mjukuu wa manamba huyo, akiwa na jembe lake na hati yake ya kijiji, anaweza leo kufanya jambo lile lile kwa mtu anayeelewana naye lugha bila mkalimani, na pengine anayesali naye safu moja. Mtume (S.A.W.) aliagiza kibarua apewe haki yake upesi, kabla hata jasho halijamkauka, wala hakumbagua mwenye kibali na asiye nacho.

Kwa haki, wapo wengi wanaolipa. Katika vijiji vinavyopakana na Nyarugusu na Nduta mahusiano mengi yalijengwa juu ya uaminifu: mkopo wa mbegu, ndoa, ubia wa mashine ya kusaga. Na pale milango ya halali ilipokuwa wazi, kila upande ulipumua. Yalikuwepo masoko ya pamoja kando ya makambi, ambamo mwenyeji na mgeni waliuziana mchana kweupe. Desemba 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa baadhi ya familia za Nyarugusu fedha taslimu badala ya chakula, na fedha hizo zilikuwa zikiingia moja kwa moja mikononi mwa wakulima wa Kasulu. Mwaka 2017 mpango huo ulisimamishwa na serikali, na mnamo 2019 masoko ya pamoja nayo yakafungwa. Serikali ilikuwa na hoja zake za usalama, na ilitaka Warundi warejee kwao. Sisi tunasema tu kuwa mama wa Kibondo aliyekuwa akiuza ndizi pale hakuulizwa, na halmashauri ikapoteza ushuru.

Kurejea kulianza rasmi Septemba 2017, na zaidi ya watu 100,000 walivuka katika miaka iliyofuata. Mtendeli ilifungwa tena mwishoni mwa 2021. Katika miaka hiyo hiyo lami ilikuwa ikisogea kati ya Kigoma, Kasulu na Kibondo, na mwaka 2022 umeme wa gridi ya Taifa ukafika mkoani. Mkulima ambaye soko lake lilikuwa kambini sasa anaangalia upande wa Kahama na Mwanza.

Hapo ndipo linapobaki swali ambalo wanafamilia wa huko wanapaswa kulijibu nyumba kwa nyumba. Je, yule aliyenilimia msimu mzima akapakiwa kwenye basi la kurudi Burundi kabla sijamlipa, deni lake limekwenda wapi? Wengi tunaijua ile hadithi ya watu watatu waliofungiwa na jiwe pangoni, ambamo mmoja wao alimwomba Mwenyezi Mungu kwa amali ya kibarua aliyeondoka bila kuchukua ujira wake. Mwajiri yule hakuula. Aliufanyia kazi ukazaa hadi yakawa makundi ya mifugo, na mwenyewe aliporudi miaka ikiwa imepita, akadhani anafanyiwa dhihaka alipoambiwa kuwa ng'ombe wale wote ni wake. Wanazuoni wanasema deni la namna hiyo halifutwi na mpaka. Hutafutwa mwenyewe, akiwa amekufa hupewa warithi wake, na akikosekana kabisa baada ya kutafutwa kweli, hutolewa sadaka kwa niaba yake.

Kutafuta kwenyewe si kugumu kiasi hicho. Warundi wengi waliorejea wanatoka katika iliyokuwa mikoa ya Ruyigi, Rutana na Makamba hadi mwaka 2025, ng'ambo tu ya milima hii. Wafanyabiashara wa Mabamba na Manyovu huvuka na kurudi, na simu zinafika. Anayeuliza habari za mtu huko anauliza kwa Kiha, na anajibiwa.